Chati ya Viongozi ya Ukutani: Sura Zipo, Miaka Haipo

Chati hii inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule pale Mwanga, Kigoma, na nimeiona pia Kasulu. Muuzaji huanzia shilingi 20,000. Ukizungumza naye vizuri unaichukua kwa 18,000. Ina urefu wa karibu mita moja, imefunikwa plastiki ngumu, ina vijiti viwili vya mbao juu na chini pamoja na kamba ya kuning'inizia. Juu kabisa wapo marais wa Tanzania. Chini yao makamu wa rais, mawaziri wakuu na marais wa Zanzibar. Wanafuata wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika, na safu ya mwisho ni ya makatibu wakuu wa Umoja wa Mataifa pamoja na wakuu wa Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na Shirika la Afya Duniani.

Mimi ni mwalimu wa Uraia na Maadili katika shule ya msingi hapa Ujiji, darasa la sita na la saba. Walimu wenzangu wa kata yetu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kununuliwa, hasa wale ambao shule zao hazina fungu la zana na inabidi watoe mfukoni. Jibu langu ni kwamba inafaa, inunueni, ila msiitundike kama ilivyo. Inaonyesha nani alikalia kiti. Haionyeshi alikipataje wala alikiachaje, na kwa mtoto anayekulia Kigoma hilo ndilo somo lenyewe.

Kwanza mazuri yake, maana yapo.

Plastiki yake ni nzito. Mvua za huku zinajulikana, na ukuta wa darasa letu unaotazama ziwa hulowa kila zinapoanza. Chati tulizokuwa tukichora wenyewe kwenye karatasi za manila zilikuwa zinavimba, zinaota ukungu, na kufikia mwezi wa tatu zinaanguka zenyewe. Hii imepita msimu mzima haijajikunja. Vumbi la chaki unalifuta kwa kitambaa chenye maji. Jua la mchana linaipiga kutoka dirishani na rangi bado haijapauka.

Picha za wazee wa zamani ndizo zilizonivutia kuliko zote. Katika chati nyingi nilizowahi kutumia, Rashidi Kawawa ni doa jeusi tu. Hapa unamwona uso. Edward Sokoine anaonekana, Aboud Jumbe anaonekana, Mzee Abeid Amani Karume anaonekana vizuri kabisa. Mtoto wa miaka kumi na mbili hujifunza kwa macho kwanza, na aliyetengeneza picha hizi alifanya kazi kwa moyo.

Na wanawake wamo. Yupo Gertrude Mongella, rais wa kwanza wa Bunge la Afrika kuanzia 2004. Yupo Profesa Anna Tibaijuka, aliyeongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kule Nairobi kuanzia 2000 hadi 2010. Yupo Dk. Stergomena Tax, katibu mtendaji wa SADC kuanzia 2013 hadi 2021, na Dk. Asha-Rose Migiro, ambaye nitamrudia. Kuna binti wa darasa la sita, kwao ni wavuvi wa Katonga, wakati wa mapumziko husimama mbele ya chati akiwaonyesha wenzake kwa kidole: huyu, na huyu, na huyu. Kwa hilo peke yake hela yangu siijutii. Tulia Ackson hayumo, lakini simlaumu mchapaji: chati imechapwa 2023, na Tulia alichaguliwa kuongoza Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba mwaka huohuo.

Kasoro ndogondogo nizitaje haraka. Herufi za majina ni ndogo mno. Madarasa yetu yamejaa, na aliyekaa dawati la nyuma anaona sura bila jina. Majina ya wageni yameandikwa ovyo. Hammarskjöld amepoteza karibu nusu ya herufi zake. Kamba ya kuning'inizia ni dhaifu, ibadilisheni mapema kwa uzi wa nyavu.

Sasa tatizo kubwa.

Miaka imeandikwa kwa marais wa Tanzania peke yao. Wengine wote, kuanzia makamu wa rais hadi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wana jina na cheo basi. Tena hata hiyo miaka ya marais, wa kwanza amekosewa. Chini ya Mwalimu Nyerere pameandikwa 1961–1985, kana kwamba alikaa pale mfululizo tangu bendera ya uhuru ipande. Sivyo ilivyokuwa. Tarehe 9 Desemba 1961 Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Tarehe 22 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama chake cha TANU mikoani, na Kawawa akashika serikali. Nyerere alirudi 9 Desemba 1962 nchi ilipokuwa Jamhuri, safari hii akiwa Rais.

Nilipowaeleza darasa la saba hayo, mkono mmoja ukanyooshwa: "Madamu, aliachia kwa nini na ndio kwanza amepata?" Kipindi kizima kikaishia hapo, na kilikuwa kipindi chetu kizuri kuliko vyote vya muhula ule. Watoto walibishana kama kiongozi anaweza kuwa na nguvu akiwa nje ya ofisi. Mmoja akasema babu yake aliacha uenyekiti wa kijiji huko Uvinza na bado watu humfuata yeye kwanza kabla ya mwenyekiti. Chati ya shilingi 18,000 ingeweza kuleta mjadala huo yenyewe kama ingeandika tarehe sawasawa.

Safu ya mawaziri wakuu ni mbaya zaidi. Kawawa yuko mara moja, Sokoine mara moja, Cleopa Msuya mara moja. Wote watatu walishika nafasi hiyo mara mbili. Kawawa 1962, kisha tena kuanzia 1972 cheo cha Waziri Mkuu kilipofufuliwa, hadi 1977. Sokoine 1977 hadi 1980, akapumzika, akarudi 1983. Msuya ndiye aliyekaa hapo katikati, 1980 hadi 1983, na akarudi tena 1994 hadi 1995. Mtoto akihesabu sura anapata idadi ya watu. Hapati habari ya namna madaraka yalivyokuwa yakienda na kurudi. Na Nyerere mwenyewe, Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika huru, kwenye safu hiyo hayupo kabisa.

Wala si kwamba mchapaji hajui mtu mmoja anaweza kukaa viti viwili. Mzee Ali Hassan Mwinyi amewekwa mara mbili, na ni sawa: safu ya Zanzibar, alikoongoza 1984 hadi 1985, na safu ya Muungano, 1985 hadi 1995. Basi kilichofanyika kwa Mwinyi kingefanyika kwa Sokoine.

Nasema hivi kwa sababu namna ya kuondoka ndiyo inayomwambia mtoto nchi yake inaendeshwaje. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, 12 Aprili 1984, akiwa kazini. Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 baada ya kamati ya Bunge kuwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Spika akiwa Samuel Sitta, mtu wa Urambo, jirani zetu wa Tabora. Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar Januari 1984. Mzee Karume aliuawa 7 Aprili 1972. Rais Magufuli alifariki 17 Machi 2021, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa, kwa kuwa ibara ya 37 ya Katiba inasema Makamu wa Rais ndiye atakayemalizia kipindi kilichobaki. Watoto ninaowafundisha sasa walikuwa wadogo sana wakati ule. Wanachokumbuka ni redio kupiga nyimbo za maombolezo siku nzima. Hawakujua kwamba nyuma ya nyimbo zile kulikuwa na ibara inayoeleza nani aape. Na iko ibara ya 40, inayosema hakuna atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili, na kwamba aliyerithi kiti kikiwa kimebakiza miaka mitatu au zaidi atagombea mara moja tu. Ukomo huo wa vipindi viwili uliingizwa mwaka 1984. Kabla ya hapo haukuwepo. Mwinyi akawa wa kwanza kuondoka kwa sheria hiyo, 1995, akafuata Mkapa 2005, kisha Kikwete 2015. Watatu hao wamepangwa bega kwa bega kwenye chati, miaka kumi kumi, na mtoto makini huiona hiyo kumi inavyojirudia akauliza. Ndiyo maana nataka miaka iandikwe kote.

Safu ya makamu wa rais ilinipa furaha yangu binafsi, kama Muha. Dk. Philip Mpango yumo, mtoto wa Buhigwe. Siku ya kwanza darasa zima lilimtambua kabla sijagusa fimbo ya kuonyeshea. Januari 2025 ilitangazwa kwamba ameomba kupumzika, asigombee tena. Hilo nalo nimeliandika pembeni kwa mkono, maana mtoto wa Kigoma anastahili kujua kwamba mtu wa kwao aliingia pale kwa kupendekezwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, na akatoka kwa kuomba mwenyewe.

Tuingie Afrika. Hapa chati imewachanganya wanafunzi wangu na itawachanganya wenu. Umoja wa Afrika una wenyeviti wawili wenye kazi tofauti kabisa. Mmoja ni mwenyekiti wa Umoja, ambaye ni rais wa nchi fulani, hukaa mwaka mmoja na kiti kinapokewa na mwingine. Wa pili ni mwenyekiti wa Kamisheni, anayekaa Addis Ababa na kuendesha ofisi kila siku, huchaguliwa na wakuu wa nchi kwa theluthi mbili ya kura, kipindi cha miaka minne, na anaweza kurudia mara moja. Chati imewaweka pamoja chini ya kichwa kimoja, "Wenyeviti wa Umoja wa Afrika". Kwa hiyo Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja mwaka 2008, amekaa ubavuni mwa Jean Ping wa Gabon, aliyeshika Kamisheni mwaka huohuo. Mwanafunzi anaona wawili, cheo kimoja, hajui nani bosi wa nani.

Jambo hili halikuwa la vitabuni Februari 2025. Raila Odinga alikuwa akigombea uenyekiti wa Kamisheni, na hapa Kigoma watu walikuwa wakifuatilia kwenye redio hadi vibaraza vya kahawa. Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akashinda baada ya duru saba za kura. Kesho yake watoto walinijia na swali kama Raila angekuwa "rais wa Afrika". Nilitamani ukuta uwe na jibu.

Salim Ahmed Salim amewekwa kwenye safu hii kama katibu mkuu wa OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika, na ni kweli, 1989 hadi 2001, zaidi ya mtu mwingine yeyote katika cheo hicho. Lakini habari yake kubwa zaidi iko safu ya chini, ambako hayupo kwa kuwa hakupata kiti. Kwangu hapo ndipo penye utajiri wote wa somo, na nitakaa hapo kidogo.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa huteuliwa na Baraza Kuu kwa mapendekezo ya Baraza la Usalama. Wajumbe wa Baraza la Usalama ni kumi na tano, na watano kati yao, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, kila mmoja anaweza kumzuia mgombea peke yake. Mwaka 1981 Salim, Mzanzibari aliyekuwa balozi akiwa na miaka 22 tu na aliyekwisha kuwa rais wa Baraza Kuu kuanzia 1979, aligombea dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria aliyetaka kipindi cha tatu. China ikawa inamzuia Waldheim. Marekani ikawa inamzuia Salim. Wengi hulihusisha hilo na mwaka 1971, Tanzania ilipokuwa mstari wa mbele kudai kiti cha China kipewe Beijing badala ya Taiwan, na Marekani ikipinga. Kura zikapigwa na kurudiwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mwisho wagombea wote wawili wakakaa pembeni, na kiti kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Chati inaonyesha Pérez de Cuéllar akitabasamu baada ya Waldheim. Hakuna mtoto atakayejua kwamba katikati ya picha zile mbili alisimama Mtanzania kwa wiki sita hivi.

Endelea kulia kidogo. Boutros Boutros-Ghali wa Misri, kisha Kofi Annan wa Ghana. Mwaka 1996 wajumbe kumi na wanne kati ya kumi na tano walitaka Boutros-Ghali aongezewe kipindi cha pili. Mmoja, Marekani, akakataa, na ikawa basi. Niliandika ubaoni 14 na 1, nikawauliza darasa la saba nani ameshinda. Wote wakasema kumi na wanne. Nilipowaambia matokeo walinyamaza, halafu mvulana mmoja akasema, "Madamu, hiyo si haki." Sikumjibu kwamba ni haki, maana mimi pia sioni hivyo. Nilimweleza kanuni ilivyo, ilitoka kwa washindi wa vita iliyoisha 1945, na nikamwambia kwamba nchi za Afrika zimekuwa zikidai viti vya kudumu katika Baraza hilo.

Na huku kushoto yupo Dag Hammarskjöld wa Sweden, aliyefariki Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kutafuta kusimamisha vita vya Katanga, jimbo la Kongo. Ukisimama Ujiji siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kwa watoto wetu huyo hapaswi kuwa Mzungu wa tatu kutoka kushoto. Alikufa akishughulikia nchi ambayo wanaiona kwa macho yao.

Dk. Migiro sasa. Picha yake imewekwa safu hii ya makatibu wakuu, ukubwa uleule, na cheo hakikuandikwa kikamilifu. Alikuwa naibu katibu mkuu, 2007 hadi 2012, cheo ambacho mtu huteuliwa na Katibu Mkuu mwenyewe, na ni heshima kubwa. Lakini kwenye zoezi, wanafunzi kadhaa waliandika kwamba Mtanzania amewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kosa hilo ni la chati. Tena linaficha jambo zito: tangu Trygve Lie wa Norway aliposhika kiti 1946 hadi António Guterres, ambaye kipindi chake cha pili kinaisha 31 Desemba 2026, hajawahi kukaa pale mwanamke hata mmoja. Yule binti wa Katonga ana haki ya kuambiwa hivyo wazi, ajue nafasi ile bado haijafunguliwa.

Benki ya Dunia na Shirika la Fedha sitakaa nazo sana. Sura zipo, ni za karibuni tu. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa kusema kwamba kwa desturi ya siku nyingi Benki imekuwa ikiongozwa na Mmarekani na Shirika la Fedha na mtu wa Ulaya. Tedros wa Ethiopia, mkuu wa Shirika la Afya tangu 2017, watoto wanamfahamu kutokana na siku za korona.

Kilichoniuma ni kwamba Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa halimo kabisa.

Mtu wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza asione tatizo. Kigoma, mtoto huzijua herufi UNHCR kabla hajajua kuandika jina la shule yake. Ameziona kwenye mahema, kwenye madumu ya maji, kwenye milango ya magari meupe yanayopita Kasulu kwenda Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Huko Tabora kuna Ulyankulu, walikokaa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Taasisi ya kimataifa ambayo watu wetu wanaigusa kwa mkono ni hii, na ndiyo iliyoachwa. Hata Guterres, kabla ya kuwa Katibu Mkuu, aliiongoza kuanzia 2005 hadi mwisho wa 2015. Chati inamjua kwa suti ya New York peke yake.

Na mwaka 2015 ndio ninaotaka walimu wenzangu wa Kigoma waufundishe chati ikiwa mbele yao, kwa sababu unaonyesha kwa nini miaka ni jambo la maisha ya watu. Mkataba wa Amani wa Arusha kwa ajili ya Burundi, uliosimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999 na kukamilishwa na Nelson Mandela, ulitiwa saini 28 Agosti 2000. Ulisema mtu asiwe rais zaidi ya vipindi viwili. Pierre Nkurunziza aliingia 2005 kwa kura za Bunge, akachaguliwa na wananchi 2010, na Aprili 2015 chama chake kikamsimamisha tena. Upande wake ukadai kile cha kwanza hakihesabiki kwa kuwa hakikutokana na kura za wananchi. Mahakama ya katiba ikakubaliana nao. Watu wakaingia barabarani Bujumbura. Tarehe 13 Mei viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekutana Dar es Salaam kuzungumzia hilohilo, Nkurunziza akiwa hukohuko, jenerali mmoja akatangaza kumpindua. Mapinduzi yakashindwa.

Hoja hiyo ya kisheria, kipindi kinahesabiwa vipi, ilifika kwetu kwa miguu na kwa mitumbwi. Makumi ya maelfu ya watu walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani, mlima mkali nyuma na maji mbele, bila barabara ya gari. Liemba, meli ya tangu enzi za Wajerumani, ikawa inawabeba hadi Kigoma. Kipindupindu kikaingia na watu wakafa. Waliofika walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi kuwapeleka Nyarugusu. Baadaye kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Nilikuwa nafundisha hapahapa. Tulipeleka nguo na vyombo tulivyokuwa navyo, na niliona watoto wa umri wa wanafunzi wangu wakishuka na sare za shule bado mwilini, kana kwamba walitoka darasani moja kwa moja.

Ndiyo sababu siwezi kuikubali chati inayomweka rais ukutani bila kusema alikaa miaka mingapi na kwa sheria gani. Darasani kwangu wapo watoto ambao wazazi wao walivuka mwaka ule. Hao sina haja ya kuwashawishi kwamba kipindi cha uongozi kina mwisho wake na kwamba mwisho huo unahusu nyumba ya mtu.

Niliyoifanyia chati yangu ni haya, na mnaweza kuiga. Nilikata manila vipande vya upana wa vidole viwili, nikaandika kwa makapeni, nikavibandika chini ya kila sura kwa selotepu pana ili maji yasiingie. Kila kipande kina mambo matatu: aliingiaje, alikaa kuanzia lini hadi lini, aliondokaje. Wanafunzi ndio walioandika, kila kundi safu yake. Safu ya Umoja wa Afrika tuliigawa kwa mstari mwekundu, wenyeviti wa Umoja juu, wa Kamisheni chini. Kawawa, Sokoine na Msuya wana vipande viwili viwili, Nyerere tukamchora kwa mkono kwenye safu ya mawaziri wakuu. Chini kabisa tuliongeza karatasi ya Shirika la Wakimbizi: Sadako Ogata wa Japani, 1991 hadi 2000, aliyekuwepo Nyarugusu ilipofunguliwa, Ruud Lubbers, Guterres, Filippo Grandi. Picha hatukuwa nazo, majina yanatosha.

Kazi hiyo huchukua vipindi kadhaa na inahitaji mwalimu awe na nakala ya Katiba mezani. Asiye na muda, au anayetafuta kitu cha kutundika ofisini kupendezesha ukuta, itamfaa kama ilivyo. Kwa darasa la nne kushuka chini siishauri, kwa sababu ya herufi.

Kwa mchapaji, kama maandishi haya yatamfikia: ubora wa karatasi na picha usiuguse, uko sawa. Sahihisha 1961 ya Nyerere, tenganisha viti viwili vya Addis Ababa, mrudishe Dk. Migiro kwenye cheo chake, tuwekee wakuu wa Shirika la Wakimbizi. Na ukisema miaka haitaenea, angalia ukingo wa kulia na wa kushoto: umepambwa maua kuanzia juu hadi chini, upana wa kiganja kila upande. Yaondoe maua hayo uandike miaka.